Bastola ya Kuongeza Katika Daftari

Nina mkusanyiko wa bastola, na hakuna hata moja kati yake inayohitaji leseni ya polisi. Zote ni za kitabuni. Tangu nilipostaafu ukuu wa shule nimekuwa na daftari ambamo kila bastola niliyokutana nayo katika riwaya au tamthilia, ikanipendeza, huandikiwa ukurasa wake: ni ya aina gani, ilitoka wapi, imepita mikononi mwa nani, na mwisho wake ulikuwaje. Mke wangu huliita daftari hilo ghala la silaha, na wageni wakisikia hushtuka kidogo, hasa wale wanaotoka mjini.

Bunduki sizipokei. Msomaji wa Ngenge hatahitaji kuelezwa sababu yake, lakini wa Dar es Salaam huenda akahitaji. Huku kwetu, upande wa kuelekea Burigi, gobole ni chombo cha kazi kama panga na jembe. Nguruwe pori akiingia kwenye mihogo, au ngedere wakivamia mahindi, mwenye gobole huitwa usiku na hakuna anayeuliza kwa nini alikuwa nalo. Linatengenezwa na fundi anayejulikana, linajazwa baruti kwa mdomoni, na likilia kijiji kizima hujua ni la nani. Bastola ni kitu kingine kabisa. Haiui nguruwe, haifukuzi ngedere, na mtu hawezi kuibeba begani akasalimiana na majirani. Imeundwa ndogo ili ifichike, na imeundwa kwa ajili ya binadamu mwenzako. Kwa hiyo mwandishi anayeiingiza bastola katika hadithi ameingiza nia ya mtu kumwua mtu, na mimi kama mhakiki nina haki ya kumwuliza ameipata wapi.

Hilo ndilo sharti langu kubwa. Bastola isiyo na nasaba haiingii daftarini. Mwandishi wa Kirusi Anton Chekhov aliwahi kuwaonya wenzake kwamba silaha iliyotundikwa ukutani mwanzoni mwa mchezo haina budi kulia kabla mchezo haujaisha. Onyo hilo tulilifundisha vyuoni kwa miaka mingi, nami silipingi. Ninachosema ni kwamba Chekhov aliangalia mbele tu, yaani kile ambacho silaha itafanya. Nyuma hakuangalia. Nani aliitundika pale ukutani? Aliinunua kwa fedha gani? Mkewe alisema nini siku alipoingia nayo ndani?

Kwa muda mrefu sikuongeza kitu. Mwaka huu niliamua kuongeza bastola moja, moja tu, nikashusha vitabu vyangu rafuni na kuanza kuchagua kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani, kwa kufungua midomo na kuhesabu meno.

Wa kwanza kufikiriwa alikuwa mgeni, na ni mgeni mwenye hoja. Mwingereza Ian Fleming, aliyemwumba mpelelezi James Bond, alimpa shujaa wake katika vitabu vya mwanzo bastola ndogo aina ya Beretta. Mwaka 1956 aliandikiwa barua na msomaji wa Glasgow aitwaye Geoffrey Boothroyd, mtu aliyezijua bastola kwa undani, akimweleza kwamba silaha ile ni ya mwanamke, na tena ya mwanamke asiye na maana sana. Akampendekezea nyingine. Fleming hakukasirika. Katika riwaya ya From Russia with Love ya mwaka 1957, ile Beretta ilimkwama Bond kiunoni wakati wa hatari, naye nusura afe. Katika Dr. No ya mwaka 1958, mkuu wake alimwita ofisini na kumnyang'anya, na fundi wa silaha akaletwa kumchagulia nyingine. Fundi huyo wa kitabuni aliitwa Meja Boothroyd! Bond akatoka pale na Walther PPK ya Kijerumani, ambayo imemfuata mpaka kwenye sinema. Pamoja nayo alipewa rivolva ya Smith & Wesson kwa kazi ya mbali.

Sura ile nimeirudia mara nyingi. Mtu anakatazwa bastola aliyoizoea kwa miaka, anapimiwa nyingine, na anatii huku moyo ukimwuma. Kwa kurasa chache bastola inakuwa na uzito, tunaihisi mkononi. Lakini nilipoipima kwa sharti langu, nikaona upungufu. Nasaba yake ni ya dukani. Fundi anazisifu silaha kwa ubora wake kama mwuza redio anavyozisifu redio, na hakuna mahali msomaji anaambiwa kwamba kitu hiki kina gharama nyingine zaidi ya bei. Sikuiandika.

Rivolva ya Daktari Watson, rafiki yake Sherlock Holmes, ilinikaribia zaidi. Ni silaha kuukuu ya jeshini, mabaki ya vita vya Afghanistan ambako Watson alijeruhiwa kabla hadithi haijaanza. Holmes anapotarajia hatari humwomba aitie mfukoni, naye huitia pasipo maneno mengi. Hiyo ina historia, na historia yenyewe imekaa kimya. Lakini ilikuwa imo daftarini tayari, ukurasa wa tatu.

Basi nikageukia kwetu. Hapa mpenzi msomaji anivumilie, maana nitakuwa mkali kwa watu ninaowapenda.

Mpelelezi wetu wa kwanza mashuhuri hakuhitaji bastola. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960, na mpelelezi wake Bwana Msa anakumbukwa kwa kiko chake. Huvuta, hutazama, huuliza swali ambalo kila mtu anadhani halina maana, kisha akamwonyesha rafikiye Najum jambo lililokuwa mbele ya macho yao siku zote. Nimewahi kusikia mwalimu kijana akidai kwamba Bwana Msa ni dhaifu kwa kuwa hana silaha. La hasha. Mtu asiye na silaha analazimika kuzungumza, na kwa kuzungumza ndipo Kiswahili cha Abdulla kinapong'aa. Vijana wetu walijifunza kutokana na Bwana Msa namna ya kumbana mtu kwa maneno bila kumvunjia heshima, na hicho ni kipaji ambacho hata walimu wakuu wengi hawana.

Kisha akaja Aristablus Elvis Musiba na Willy Gamba wake. Kufa na Kupona ilitoka mwaka 1974, Kikosi cha Kisasi mwaka 1979, Njama mwaka 1981. Sijui kama kizazi cha leo kinaweza kuelewa jinsi vitabu vile vilivyosomwa. Vilisomwa mpaka jalada likatoka, vikashonwa kwa uzi wa viatu, vikasomwa tena. Katika shule niliyoiongoza nakala moja ya Kikosi cha Kisasi ilipita mabweni yote mawili kwa muhula mmoja. Mkaguzi mmoja alipoikuta maktabani alinitaka niiondoe, akisema inafundisha ulevi, uasherati na bastola. Nilimjibu kwamba wavulana waliokuwa hawafungui kitabu chochote walikuwa wakikisoma hicho kwa mwanga wa kibatari, na kwamba adui anayepigwa ndani yake ni wakala wa Makaburu. Kitabu kilibaki. Ningeulizwa leo ningejibu vilevile.

Maana si jambo dogo alilofanya Musiba. Katika miaka ile Msumbiji, Angola, Zimbabwe na Afrika Kusini zilikuwa vitani au zimetoka vitani, na Dar es Salaam ilikuwa makao ya wapigania uhuru. Yeye alimchukua yule mpelelezi wa kizungu aliyekuwa akitumwa kuilinda himaya ya Malkia, akamvua ngozi, akamvika ya Mtanzania, na kumtuma Kinshasa kuwatafuta waliowaua wapigania uhuru. Bastola iliyokuwa ikiwaelekea watu kama sisi ikageuzwa mtutu. Mvulana wa Muleba aliyesoma hayo alikaa wima zaidi kitini. Mhakiki asiyeliona hilo ameshika kitabu kichwa chini.

Lakini silaha yenyewe? Hapo ndipo ninapomlaumu. Willy Gamba anapohitaji bastola, bastola ipo. Inatoka kama sigara inavyotoka kwenye pakiti. Kwa ninavyozisoma riwaya zile, mwandishi hutaka tuione inavyofanya kazi, hataki tuone inavyomkalia mtu mwilini na moyoni. Bond, pamoja na upuuzi wake wote, alinyang'anywa silaha na kusemeshwa kama mtoto. Gamba yeye ameazimwa vifaa vya Bond bila kuazimwa aibu yake. Joram Kiango wa marehemu Ben Mtobwa ni afadhali kidogo, kwa sababu ulimi wake hutangulia na mzaha wake huchelewesha risasi. Lakini hata kwake sijawahi kufunga kitabu nikiikumbuka bastola kama kitu chenye maisha yake. Waandishi wadogo waliowafuata hawa wawili walizidisha kasoro hiyo mara kumi. Katika vijitabu vya miaka ya 1980 na 1990 utadhani bastola zinauzwa Kariakoo pamoja na vitunguu.

Huenda mtu akasema: Mwalimu, hizi ni hadithi za kuburudisha, usizidai usahihi wa karani. Ningekubali kama tungekuwa watu wasioijua silaha. Lakini sisi wa Kagera tunaijua. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaitangaza nchi yote ya kaskazini ya mto Kagera kuwa ya Uganda, na daraja la Kyaka likavunjwa. Watu walishuka kusini na watoto migongoni na magodoro vichwani. Waliokufa upande wetu wengi wao wamelala Kaboya, hapa hapa Muleba, na mtu akipita barabarani huyaona makaburi yale yamepangwa mistari kama wanafunzi paredini. Kampala ilipotekwa Aprili 1979 wanamgambo wetu walirudi mmoja mmoja, na baadhi yao nilikuwa nimewafundisha kusoma. Mmoja wao nilimwazima kitabu cha Willy Gamba nikidhani kitamfurahisha. Alikirudisha baada ya siku mbili. Nilipomwuliza kama amekipenda alisema, “Mwalimu, kizuri, ila huyu bwana hajawahi kusafisha silaha yake.” Hakusema zaidi, akaniomba kitabu cha Bwana Msa.

Maneno yale yamenikaa kichwani zaidi ya uhakiki mwingi niliousoma katika majarida ya fasihi.

Na kuna jambo la karibu zaidi. Miaka michache iliyopita jirani yangu mmoja, mfanyabiashara wa ng'ombe ambaye tayari alikuwa na shotigani halali, alitaka kuongeza bastola, kwa kuwa alikuwa akisafiri na fedha za mnada usiku. Alikuja kwangu kama mzee, si kwa ajili ya silaha, bali nimsaidie kuandika barua ya maombi kwa Kiswahili kinachokubalika maofisini. Hivyo nikaifuata safari yote. Barua ilianzia kijijini, ikaenda kata, ikaenda wilaya, na kila ilipofika kulikuwa na kikao cha kumjadili: ana tabia gani, analewa kiasi gani, ana kesi na nani, ugomvi wake wa mpaka na shemeji yake umekwisha au bado. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ipo na ina vifungu vyake, lakini kilichonishangaza ni jinsi kijiji kizima kilivyogeuka kuwa mhakiki wa mtu mmoja. Mambo ya mwaka aliooa yalifukuliwa. Mama yake mzazi aliulizwa. Mkewe, ambaye hakuulizwa na kikao chochote, alimwuliza yeye swali moja tu: utaiweka wapi mahali ambapo mimi sitaiona nikiwa nimekasirika?

Alihangaika na kichwa kile kile kwa zaidi ya mwaka: ndogo ifichikayo au kubwa itishayo, ya risasi nyingi au rivolva isiyokwama, mpya ya bei au iliyotumika. Alipokuwa akinielezea nilikuwa nikijiambia moyoni, hapa ndipo penye riwaya! Mandhari yapo, wahusika wapo, mgogoro upo ndani ya nyumba na nje ya nyumba, na risasi bado haijalia. Waandishi wetu wa hadithi za upelelezi wameipita riwaya hiyo mbio wakikimbilia ukurasa wa kwanza wa mapambano.

Kwa hiyo, baada ya kuvirudisha rafuni vitabu vyote vya wapelelezi, nilibaki na kimoja chembamba ambacho si cha upelelezi. Ni Mzalendo Kimathi, tafsiri ya Raphael Kahaso ya mwaka 1978 ya tamthilia waliyoiandika Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, ambayo ilichezwa Nairobi mwaka 1976.

Kwanza historia, kwa sababu hapa bastola ya kweli ilitangulia ya kitabuni. Dedan Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akiwa amepigwa risasi. Serikali ya kikoloni ilimwona kuwa ndiye kiongozi mkuu wa wapiganaji wa msituni, na ilikuwa imemtafuta kwa miaka. Mtu angetazamia ashtakiwe kwa vita, kwa uasi, kwa mauaji. La! Alishtakiwa kwa kupatikana na rivolva moja aina ya Webley Scott ya .38, na risasi sita, bila kibali halali. Chini ya Kanuni za Hali ya Hatari hilo peke yake lilitosha kumpeleka mtu kitanzini. Akahukumiwa Nyeri mwezi Novemba, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti. Vita vyote vile, ardhi yote ile iliyokuwa ikigombewa, vikaingizwa ndani ya kipande cha chuma kinachotosha kiganjani. Hakimu hakuhitaji kuijadili ardhi. Alihitaji kuijadili leseni.

Waandishi wa tamthilia waliliona jambo hilo, nao wakafanya kitu cha akili sana. Waliweka mahakama jukwaani, na shtaka likasomwa. Lakini nje ya mahakama wakaitembeza bastola nyingine. Mwanamke mmoja ameificha ndani ya mkate. Anamkabidhi kijana wa mitaani mkate huo aufikishe penye mahakama, bila kumwambia kilichomo. Kijana yule ndiyo kwanza tumemwona akimfukuzia msichana kwa ajili ya vijisenti. Njaa anayo, na mkate anao mkononi. Wavulana na wasichana wangu kila waliposoma sehemu hii walikaa kimya, maana kila mmoja wao alijua uzito wa mkate ambao huruhusiwi kuula.

Hii ndiyo bastola yenye nasaba niliyokuwa nikiitafuta. Imetoka kwa watu msituni, imepita mkononi mwa mwanamke anayehatarisha shingo yake, inawaangukia watoto wawili ambao hawakuichagua, nao wanapoigundua inawabidi waamue wao ni watu wa namna gani. Hakuna fundi wa silaha anayeisifu. Aina yake haina maana yoyote. Kinachopimwa ni mikono inayoipokea, na kadiri inavyosogea ndivyo yule kijana mkorofi anavyosogea naye, kutoka kufukuzia vijisenti hadi kusimama mahali ambapo mtu mzima angekimbia. Gamba hakubadilishwa na bastola yake hata mara moja. Na mkate! Mwandishi wa kawaida angeificha ndani ya kapu la nguo au chini ya ndizi. Waliiweka ndani ya chakula, wakatufanya tuione njaa na silaha katika kitu kimoja, bila mhusika yeyote kutoa hotuba juu ya hilo. Hotuba katika tamthilia hii zipo nyingine, na ni ndefu kuliko ninavyopenda; mabepari wanaomjia Kimathi gerezani wanasema kama mabango. Mkate hausemi kitu.

Niliwahi kuisimamia ikichezwa na wanafunzi. Bastola tuliichonga kwa mti wa mparachichi tukaipaka masizi ya chungu, na mkate ulikuwa wa kweli, kutoka dukani, kwa sababu niliona mkate wa karatasi utawadanganya watazamaji na wachezaji pia. Tatizo likawa kwamba kila siku ya mazoezi mkate ulipotea. Mwishowe tuliuagiza siku ya mchezo wenyewe, saa moja kabla.

Mwisho wa tamthilia nina mashaka nao, na nimeyaandika mashaka hayo katika ukurasa huohuo wa daftari. Hukumu ikiisha kutolewa, kijana na msichana wanaumega mkate na kusimama na ile silaha mbele ya mahakama nzima. Mlio mmoja wa risasi unasikika, giza linaanguka, kisha umati unaingia ukiimba. Wanafunzi wangu walitaka kujua risasi imempata nani. Wengine walisema hakimu, wengine walisema watoto wenyewe ndio waliopigwa na askari, na msichana mmoja alisisitiza kwamba imepiga dari kwa sababu yule mvulana hajawahi kushika silaha maishani mwake na mikono ilikuwa ikimtetemeka. Umati ule unaoimba unatuzuia kulijadili jambo hilo. Ningependa waandishi wangetuachia giza kwa muda mrefu kidogo kabla ya kuwasha taa.

Katika mchezo wetu niliwaamuru waimbaji wasubiri nyuma ya pazia mpaka nitakapokohoa. Nilichelewa kukohoa kwa makusudi, na katika ukumbi ule wenye watu zaidi ya mia hapakusikika kitu, isipokuwa mzee mmoja wa nyuma aliyemwuliza jirani yake kwa Kihaya kama yule mtoto amepona.